Hodi ya Nne

Nilipiga hodi mara tatu, nikaondoka. Ilikuwa Alkhamisi, alasiri imeshaingia, nami nimepanda ngazi hadi ghorofa ya nne na daftari kwapani. Nikagonga, nikasema hodi. Kimya. Nikangoja, nikarudia. Ya tatu niliitoa kwa sauti ya kusikika hata uwanjani. Hapana jibu. Nikafanya nilivyofunzwa tangu chuoni, na nikisema chuoni nakusudia chuo cha Kurani: ukipiga hodi tatu usijibiwe, rudi ulikotoka, kwani mwenye nyumba ana haki ya kutokukujibu. Mbele ya jina la mzee aliyekaa mle nikaandika "hayupo", nikatia tarehe, nikateremka.

Alikuwepo. Alikuwa amelala sakafuni baina ya choo na mlango wa jiko, nyonga imevunjika. Aliteleza wakati anatoka kutia udhu wa adhuhuri, na pale pale akabaki, mchana, usiku, mpaka Ijumaa asubuhi.

Aliyemgundua hakuwa mimi wala mtu yeyote wa ofisi. Alikuwa kijana anayeuza boflo kwa baskeli. Wanaokaa mabloki wanaujua mtindo huu: mtu wa juu hashuki kwa ajili ya mkate, huteremsha kikapu kwa kamba kutoka roshani, pesa ndani, na mkate unapanda. Kikapu cha mzee kilikuwa kikiteremka kila asubuhi kabla kijana hajamaliza kupiga kengele. Siku ile hakikuteremka. Kijana akapiga kengele tena, akaita, akatazama juu. Kisha akaegesha baskeli yake na mikate yote, akapanda, akamwamsha jirani, wakavunja kitasa.

Nilimwona Jumamosi, hospitali ya Mnazi Mmoja, mguu umefungwa na uso umeingia ndani. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniangalia, akasema: "Nilikusikia, mwanangu. Nilisema karibu. Sauti ndiyo haikutoka."

Hakusema kwa lawama. Angenilaumu ningepata la kujibu.

Nimefanya kazi ya afisa nyumba kwa miaka 11, kumi Unguja mjini na mmoja Wete. Ofisi sitoitaja. Harusini watu wakiniuliza kazi yangu, swali la pili huwa hilo hilo: "Kumbe ndiye wewe unayegawa nyumba?" Sijawahi kugawa nyumba hata moja. Nilichokuwa nikigawa ni barua. Barua ya deni, barua ya ukumbusho wa deni, barua ya kujulisha kwamba fundi atakuja, barua ya kuomba radhi kwamba fundi hakuja. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kupanda ngazi na kusimama mbele ya milango ya watu.

Milango yenyewe ni ya namna mbili. Kuna ya mabloki, zile nyumba za maendeleo zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, kuanzia Kikwajuni na Kilimani hadi yale majumba marefu ya Michenzani yanayokutana kwenye mzunguko wa barabara kama msalaba. Pemba nayo ilipata yake, Wete, Chake Chake na Mkoani. Yule mzee wangu wa ghorofa ya nne alikuwa miongoni mwa vijana waliokwenda kujenga taifa pale Michenzani. Alikuwa akinionyesha viganja. "Zege hili," ananiambia, anagonga ukuta, "nimelipandisha mimi kwa karai. Wajerumani wanahesabu, sisi tunabeba." Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 na majengo hayajesha. Mzee wangu akaendelea kubeba, na miaka ikapita mpaka naye akapata mlango wake humo humo. Basi mimi nikija na daftari langu kumwambia habari ya "nyumba ya ofisi", alikuwa ananitazama kama mtoto aliyekuja kumweleza babu yake historia ya ukoo.

Milango mingine ni ya Mji Mkongwe. Hiyo ni mizito, ya mbao zilizochongwa, na nyuma yake hukuti nyumba moja, unakuta familia sita. Baada ya Mapinduzi wenyewe wengi waliondoka, nyumba zikaingia mikononi mwa serikali, na watu kutoka Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji, na mashamba wakapewa vyumba humo, chumba kimoja kimoja. Nyingine ni za wakfu: mtu wa zamani alifunga nyumba yake kwa ajili ya msikiti, au maskini, au kizazi chake, na mpaka leo zinapangishwa kwa kodi ndogo. Watalii wanapiga picha mlango. Ndani yake mama mmoja anachemsha maharage kwenye ukumbi ambao zamani ulikuwa wa kupokea wageni.

Sasa daftari. Mwezi wangu wa mwanzo nililiamini. Lilikuwa na safu zake nadhifu: namba ya nyumba, jina la mpangaji, idadi ya wakaazi, kodi, deni. Mwezi wa pili nikaanza kushangaa kwamba wapangaji wangu wazuri kuliko wote, wasiochelewa hata siku moja, sikuwahi kuwaona kwa macho. Nikimtaja mmoja kwa jina mlangoni, vijana wanaangaliana. Mwishowe bibi mmoja akanihurumia: "Mwanangu, huyo unayemwita ni marehemu. Tulimzika mwaka wa mvua kubwa."

Maiti walikuwa wanalipa kodi kuliko walio hai, na sababu yake ni nyepesi ukishaijua. Jina likibadilika, mkataba unabadilika. Mkataba ukibadilika, kodi inapanda, au mtu wa mbali mwenye barua anatokeza kudai haki. Kwa hiyo baba akifa, watoto hawasemi. Wanalipa kwa jina lake, kwa wakati, kwa adabu zote, risiti inatoka kwa jina la marehemu na inawekwa kwenye kopo la biskuti pamoja na risiti za miaka iliyopita. Wengine wanauza ufunguo kabisa. Anayeingia humlipa anayetoka kilemba, pesa nzito ambayo haiandikwi popote, na daftari halipati habari. Mkuu wangu wa wakati ule aliniagiza nisafishe orodha, nifute majina yote ya waliokufa. Nilianza kwa bidii ya mwajiriwa mpya. Baada ya wiki mbili nilikuwa na wajane watatu wanalia barazani pangu, na kijana mmoja anayenitishia kwa lugha nzuri sana. Nikaacha kufuta. Pembeni ya kila jina nikaanza kuandika kwa penseli nani hasa analala mle. Penseli ile ndiyo iliyokuwa daftari langu la kweli.

Deni nalo lina lugha yake. Nilidhani asiyelipa ni mkaidi au hana kitu. Wapo hao, na wakaidi ndio rahisi kuliko wote, kwa sababu wanafungua mlango ili wakutukane. Aliyenipa tabu ni yule aliyekuwa akilipa kila tarehe 5, kisha akanyamaza. Mtu wa namna hiyo hakuomba muda, kwani kuomba ni kukiri, na kukiri mbele ya binti wa kazini aliye umri wa mtoto wake ni kuvuliwa. Anazima taa akisikia viatu vyangu. Niliwahi kusimama nje ya mlango, nasikia mafuta yanachacharika kwenye karai, napiga hodi, na mafuta yananyamaza. Wamezima jiko! Tumebaki hivyo, mimi nje, wao ndani, wote tunanusa harufu ya samaki ambaye hayupo.

Wete nilijifunza jambo ambalo mjini lisingenijia. Nilipelekwa kuziba nafasi ya mwenzangu aliyekwenda kujifungua, na orodha niliyoikuta ilikuwa nyekundu tupu, miezi minne, miezi mitano. Makao makuu wanataka barua za kuhamishwa zitoke. Nikapiga hodi kwenye bloki moja, ngazi nzima, hapana anayejibu, mpaka mama wa mlango wa mwisho akachungulia: "Wote kenda kuchuma, dada. Ukawatafute kambini." Karafuu. Msimu ulikuwa umefika, watu wamefunga milango wamekwenda mashambani na watoto wao, watachuma, wataanika, watauza, kisha watarudi. Nikazikalia zile barua kwenye saraka, kwa hofu kubwa, na niliulizwa. Msimu ulipomalizika walikuja wenyewe ofisini, vidole bado vina rangi na nguo zinanukia, wanalipa deni lote na miezi miwili mbele. Aliyeipanga kodi iwe ya kila mwezi alikuwa mtu wa mshahara. Mtu wa karafuu ana mwaka, hana mwezi. Nilipolisema hilo kwenye kikao mjini, mmoja akaniuliza kama nimehamia upande wa wapangaji.

Lakini nilianza na hodi, nirudi kwenye hodi, kwa sababu kosa la kumwacha yule mzee lina ndugu yake mkubwa, na huyo mkubwa ndiye aliyelizaa.

Miaka minne kabla ya hapo nilikuwa na nyumba Mji Mkongwe iliyonitia wasiwasi. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba: urefu wa boriti ndio upana wa chumba, na boriti haizidi sana mita tatu. Kichwa cha boriti kinalala ndani ya ukuta, na hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Mfereji wa juu ukiziba kwa majani na kinyesi cha njiwa, maji ya mvua hayashuki, yanaingia ukutani. Kama ukuta umepigwa chokaa, chokaa inapumua, unyevu unatoka nje na jua linamaliza kazi. Kama kuna fundi wa haraka amekuja kuupiga saruji ili upendeze, unyevu umefungiwa ndani, na unaanza kula vichwa vya boriti polepole, wala huoni kitu. Mji huu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na bado kila masika tunasali nyumba zisije chini. Beit al Ajaib yenyewe, jumba la zamani la sultani, fahari ya mji mzima, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020.

Fundi mmoja mzee ndiye aliyenifunza hayo. Alikuwa anagonga boriti kwa kitako cha patasi na kutega sikio. Nzima inalia. Iliyoliwa, alikuwa akisema, inatoa sauti ya godoro.

Basi nyumba ile ilikuwa na chumba cha juu cha mama mmoja mjane ambaye sikuwahi kuingia kwake. Kila nikija anatoka yeye, anaurudisha mlango nyuma yake, tunazungumza kizani kwenye ngazi, ananiita bibi afisa, ananiuliza hali ya mama yangu, na juu ya nyumba yake hana lalamiko hata moja. Wenzake wote wanalalamika kuvuja, yeye chumba chake cha juu kabisa hakivuji! Ningekuwa na akili ningejiuliza. Masika yalipokaribia, mkuu akataka ripoti ya vyumba vyote. Nikapiga hodi, hayupo, amekwenda sokoni Darajani. Ofisi ilikuwa na ufunguo wa akiba. Nilikuwa na fundi na wasaidizi wake wawili, na jua limeshapanda. Nikafungua.

Dari ilikuwa imefunikwa kwa kanga. Kanga tupu, zimeshonwa pamoja, zimefungwa kwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta kama hema, na chini yake ndoo, sufuria, beseni, bakuli, kila kimoja mahali pake. Fundi akaifunua kanga moja, akagonga. Godoro. Akagonga ya pili. Wasaidizi wake walikuwa wamesimama baina ya kitanda cha mama wa watu na nguo zake za ndani zilizoanikwa kwenye kamba, hawajui macho wayaweke wapi. Na hapo ndipo alipoingia, mkoba wa mchicha mkononi.

Hakupiga kelele. Alizikusanya nguo zake kwenye kamba, moja moja, akazitia chini ya mto. Kisha akaniambia, mimi peke yangu: "Mvua haikunivua nguo miaka yote hii, mwanangu. Umenivua wewe."

Alikuwa akivujiwa kwa muda mrefu kuliko wote. Hakusema kwa sababu aliona kwa macho yake yaliyomkuta jirani wa mtaa wa pili: alilalamika, wakaja, wakaandika "hatari", wakamhamisha kwa muda ili nyumba itengenezwe, na muda ule haujesha mpaka leo. Kwake yeye kulalamika na kufukuzwa ni neno moja. Na kusema kweli sikuwa na hoja ya kumtoa kwenye fikra hiyo, kwani baada ya ripoti yangu chumba kile kilifungwa na yeye akahamia kwa mwanawe Fuoni, na ukarabati nilioahidiwa sikuuona mpaka naondoka kwenye kazi ile. Je, kufungwa kile chumba kulikuwa sawa? Kulikuwa sawa. Boriti mbili zilikuwa zimeshika kwa rehema ya Mungu tu. Nalijua hilo, na bado nikipita ule uchochoro nageuza uso.

Sisi tuna neno sitara. Mtu akipata nyumba tunamwombea iwe ya sitara, na nyumba ya matope yenye mlango unaofungika ni ya sitara kuliko jumba lisilo na pazia. Katika fomu zote nilizojaza kwa miaka 11, fomu za vyumba, za mabati, za makaro, za mita ya umeme, hapakuwa na mahali pa kuliandika. Nilitoka kwenye chumba cha mama yule nimeapa sitofungua tena mlango wa mtu asiyenijibu. Nikapiga hodi tatu, basi. Kwa miaka minne nilijiona mstaarabu. Na kwa ustaarabu huo huo nikamwacha mzee wa watu sakafuni na nyonga iliyovunjika.

Nilikwenda kumtafuta yule kijana wa boflo. Nilimkuta mzunguko wa Michenzani anapanga mikate. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kumhoji. Aliwajua wote! Mlango ule mama anachukua boflo mbili, Ijumaa tatu. Yule babu wa bloki ya pili akiacha kuchukua siku mbili basi pencheni imekwisha, humkopesha mpaka zifike. Yule bibi kikapu chake kikiteremka tupu, bila pesa, ujue mikono inatetemeka hawezi kuzihesabu, apande yeye mwenyewe. Kijana wa miaka 19 au 20, hajawahi kuandika ripoti. Mimi nina shahada, na kalamu ya ofisi, na nimeandika "hayupo".

Kutoka hapo nilianza kufanya kitu ambacho ofisi haikunituma, na sikuomba ruhusa kwa sababu ningeombwa kwanza niandike mpango. Nilianza na wanaokaa peke yao, wazee hasa, kwenye bloki tatu. Nikawauliza mambo mawili. La kwanza: ukinyamaza, nani atajua mwanzo? La pili: ufunguo wako wa akiba ungependa akae nao nani? Msisitizo kwenye ungependa. Usikae ofisini kwangu, usikae kwa sheha, kiongozi wa mtaa, ukae kwa mtu unayemchagua wewe, na mimi niambiwe jina lake tu. Hodi tatu zangu zikiisha, ya nne nampigia yeye. Na mlango ukifunguliwa, anaingia yeye mbele, mimi nyuma, na kama mwenye nyumba ni mwanamke hapana mwanamme anayevuka kizingiti mpaka tuseme tayari.

Wengine walikubali pale pale. Mzee mmoja alikataa katakata: ufunguo wake utazikwa naye. Bibi mmoja wa ghorofa ya pili alinikalisha saa nzima akiwapima majirani zake mmoja mmoja. Huyu ana mdomo. Huyu ana mume mwenye mdomo. Huyu watoto wake hawajui changu na chako. Mwishowe akamtaja mwanamke wa mlango wa mkabala, ambaye mtaa mzima unajua hawajaamkiana miaka saba kwa ugomvi wa kamba ya kuanikia. Nikadhani nimesikia vibaya.

"Huyo huyo," akasema. "Hatusemeshani. Hata akiona kitu kwangu atamwambia nani kwamba aliingia?"

Nikavuka ukumbi nikapeleka ule ufunguo. Yule jirani aliutazama, akaupokea kwa mikono miwili, akaufunga kwenye ncha ya kanga yake. Hakuuliza kitu. Mpaka naondoka hawakuwa wamesemeshana, lakini nimeambiwa kila usiku kabla ya kulala alikuwa akikohoa kwa nguvu mlangoni pake, na yule wa pili anakohoa kujibu.

Kuhusu mzee. Nyonga ya mtu wa umri ule haiungi kama ya kijana, na mabloki hayana lifti. Ghorofa ya nne ikawa mbali kwake kama Mombasa. Njia ya kwanza ilikuwa kumbadilishia nyumba apate ya chini. Niliandika barua tatu. Lakini nyumba za chini zina bei yake, zinafaa kwa duka, kwa cherehani, kwa saluni, na aliyenayo haachi bila kilemba. Mpangaji mmoja aliniambia wazi kiasi anachotaka, akakitaja bila haya, kisha akaniongezea juisi. Mzee alikuwa na pencheni jamii tu, ile ambayo serikali ilianza kuwapa wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Barua zangu zikakaa. Miezi minane mzee akawa kwa mpwa wake Mwanakwerekwe, godoro sebuleni, watu wanamruka kwenda chooni. Mpwa alimtunza vizuri, sina la kusema juu yake. Ila kila nikienda, mzee alikuwa amevaa shati na kofia tangu alfajiri, amekaa kama msafiri anayengoja gari.

Siku moja akasema yeye mwenyewe: "Nipelekeni Sebleni."

Mpwa alilia. Sebleni ni makao ya wazee ya serikali, na kama yale ya Welezo, na ya Limbani kule Pemba, mtaani kuna maneno yanayokwenda nayo: anayepelekwa huko hana watu. "Watu watasema tumemtupa," mpwa akarudia na kurudia. Na mimi, aibu yangu niiseme, nilikuwa upande wake. Miaka yote nilikuwa nikipita pale nikisema maskini. Mzee akatusikiliza sote wawili mpaka tukachoka. "Mimi nataka mlango," akasema. "Hapa sina mlango."

Tulimpeleka baada ya mfungo. Nilishughulikia karatasi, sheha akaandika barua, daktari akaandika yake. Nyumba yake ya ghorofa ya nne ilipata mtu hata wiki haijesha, sitosema kwa njia gani. Mzee aliniomba jambo moja tu, nisilifute jina lake kwenye daftari. "Zege lile nimepandisha mimi," akanikumbusha. Mimi niliyekuwa nikilicheka daftari kwa uongo wake, nililiacha jina lake pale pale mpaka siku yangu ya mwisho kazini, na penseli yangu pembeni nikaifuta.

Mara ya kwanza kumtembelea ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Chumba cha chini, mlango wa rangi ya buluu umefungwa, viatu vyake nje vimepangwa, ncha zinaelekea njia. Nikagonga, nikasema hodi. Kimya. Nikangoja kidogo, nikarudia. Kimya. Moyo ukaanza kunienda mbio. Nikaita ya tatu kwa jina langu kamili. Hapana jibu. Mzee wa chumba cha jirani alikuwa amekaa barazani anatazama, anatikisa kichwa, sikujua kwa nini anatabasamu.

Nikamwendea: "Shikamoo mzee. Ufunguo wa huyu anao nani?"

Ndani ya chumba mtu akapasuka kwa kicheko mpaka akakohoa.

"Ingia, ingia," sauti ikasema. "Boflo umeleta?"